Kila Ukurasa Utaje Watu Wake

(Nilizungumza haya mbele ya vijana wanaoanza kazi ya uchambuzi wa takwimu. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.)

Walimu wangu mlioketi mbele, shikamooni. Na nyinyi vijana, habari za asubuhi. Ahsanteni kwa kuja mapema na kompyuta zenu, maana tutazihitaji.

Nilipoalikwa niliambiwa nichague mada yoyote inayohusu kazi yetu. Nimechagua mstari mmoja tu wa ripoti, ule unaokaa juu ya jedwali. Kichwa. Nataka tuzungumze namna ya kukifanya kichwa kitaje kundi sahihi kwenye kila ukurasa bila mkono wa mtu kukigusa. Nitatumia SAS, programu ya kuchambua takwimu, kwa sehemu kubwa, kwa kuwa ndiyo niliyokulia nayo kazini, na huko mbele nitagusa Stata na R, ambazo najua wengi wenu mnazo.

Mwanzoni mwa kazi yangu nilikabidhiwa faili la chanjo za watoto la Mkoa wa Morogoro. Kila halmashauri ilitakiwa ipate ukurasa wake, wenye jina lake juu na vituo vyake chini. Niliandika programu iliyopita kwenye faili mstari kwa mstari, ikachukua jina la kila halmashauri na kuliweka, kwa amri ya CALL SYMPUTX, kwenye kigeu cha makro, yaani jina ambalo SAS hulibadilisha kuwa maneno yaliyohifadhiwa ndani yake. Kisha nikaandika amri ya TITLE, ile inayoweka kichwa, ikalichukua jina hilo. Nikaendesha. Kwenye logi, pale SAS inapoandika makosa iliyoyakuta, hakukuwa na mstari hata mmoja mwekundu. Nikachapisha, nikatia kwenye bahasha, zikaenda.

Siku ya tatu simu ikaita. Alikuwa mratibu wa chanjo wa halmashauri moja. Akaniambia kwa upole, "Dada, hizi karatasi ulizotuletea ni za Ulanga. Zetu ziko wapi?" Nikamwomba radhi, nikidhani nimechanganya bahasha. Kabla sijakaa sawa ikaita nyingine, halafu ya tatu. Nikazitoa nakala kabatini nikazipanga mezani. Vituo vilikuwa tofauti kila ukurasa na namba zilikuwa sahihi kabisa, lakini kila ukurasa, juu, ulikuwa umeandikwa Ulanga.

Halmashauri mbili hazikupiga simu. Nilizitafuta mwenyewe. Moja ilikuwa imeshaziweka karatasi kwenye jalada, ikidhani imeletewa nakala ya jirani kwa taarifa tu. Ya pili ilikuwa Ulanga yenyewe, ambayo haikuwa na la kulalamikia.

Huyo wa jalada ndiye aliyenikaa moyoni hadi leo. Waliopiga simu walinisaidia. Yule aliyepokea takwimu za watoto wake mwenyewe, akaziweka pembeni kwa sababu kichwa kilimwambia si wake, hakuwa na namna ya kujua. Angekaa nazo mwaka mzima. Watoto wasiochanjwa wa kata zake walikuwa wamo humo humo kabatini kwake, chini ya jina la watu wengine.

Sasa tuone kilichotokea, kwa sababu kosa hili linawapata watu wengi, na linawapata kwa sababu mantiki yake inaonekana nzuri.

SAS hufanya kazi kwa hatua. Hatua ya kwanza ilipita kwenye mistari yote: Gairo ikaingia kwenye kigeu, ikaja Kilosa ikaifuta Gairo, ikaja Mvomero ikaifuta Kilosa, hivyo hivyo hadi mwisho wa alfabeti. Hatua ile ilipokwisha, kigeu kilibaki na jina moja, la mwisho kuandikwa. Ndipo SAS ikaisoma amri ya TITLE. Iliisoma mara moja tu, kabla PROC, yaani hatua inayochapa jedwali, haijaanza kuchapa chochote. Ilipokutana na jina la makro ililibadilisha papo hapo kuwa Ulanga, na tangu hapo kichwa kikawa maneno ya kawaida yasiyobadilika. PROC ilipoanza kugeuza kurasa, ilikuwa inanakili kichwa kilichokwisha kukauka.

Nilikuwa nahitaji kichwa kinachosomwa upya kila kundi linapoanza. Na SAS inacho. Kinaitwa #BYVAL.

Tazameni ukutani. Nimeifupisha programu iwe na halmashauri nne tu, na namba hizi za utambulisho nimeziweka mwenyewe kwa ajili ya mfano:

proc format;
  value halm
    1 = 'Manispaa ya Morogoro'
    2 = 'Wilaya ya Morogoro'
    3 = 'Mji wa Ifakara'
    4 = 'Wilaya ya Kilosa';
run;

proc sort data=chanjo;
  by halmashauri;
run;

options nobyline;
title1 'Halmashauri ya #byval(halmashauri)';
title2 'Watoto waliokamilisha chanjo, kwa kituo';

proc print data=chanjo noobs label;
  by halmashauri;
  format halmashauri halm.;
run;

title;
options byline;

Amri ya BY ndiyo inayogawa faili kuwa makundi. Ili igawe, mistari lazima iwe imepangwa kwanza, ndiyo maana PROC SORT imetangulia. Ukiiacha hivyo bila kingine, SAS itaweka juu ya kila kundi mstari wake yenyewe, wenye vistari pande zote mbili, ulioandikwa halmashauri= na thamani yake. Mstari huo unamfaa mchambuzi anayekagua kazi yake mezani. Mratibu wa chanjo hautamfaa. OPTIONS NOBYLINE inauondoa, na #BYVAL inalileta jina hilo hilo ndani ya kichwa, mahali ambapo msomaji anatazama kwanza. Tena NOBYLINE inafanya jambo la pili ambalo watu hawalitambui: PROC PRINT, ambayo kwa kawaida ingeweza kubananisha makundi kadhaa kwenye ukurasa mmoja, sasa inaanza ukurasa mpya kwa kila kundi, ili kichwa na yaliyo chini yake visipishane.

Ndani ya mabano nimeandika jina la kigeu. Mtaona wengine wanaandika #BYVAL1, yaani kigeu cha kwanza kwenye amri ya BY. Inafanya kazi. Lakini siku mwenzako akiongeza mkoa mbele ya halmashauri, namba moja itakuwa mkoa, na vichwa vyako vyote vitabadilika maana bila mtu kuvigusa. Andikeni jina. Mkikosea herufi za jina lenyewe, SAS haitabadilisha kitu, itachapa #byval na mabano yake kama yalivyo. Ni kichwa kibaya, lakini kinaonekana kibaya, na kosa linaloonekana hurekebishwa kabla ya bahasha kufungwa.

Ipo pia #BYVAR, inayotaja lebo ya kigeu badala ya thamani yake, na #BYLINE, inayouleta mstari mzima wa kundi. Mimi sizitumii sana, kwa sababu ya lugha yetu. Na hapa naomba tukae kidogo.

Vitabu vingi vya programu hizi vimeandikwa kwa Kiingereza, na mifano yake inabandika neno moja mbele ya jina lolote. Kwa Kiingereza halileti shida. Sisi tuna upatanisho wa ngeli. Tunasema Jiji la Tanga, Manispaa ya Morogoro, Mji wa Ifakara, Wilaya ya Kilosa. Ukiandika kichwa chenye "Wilaya ya" halafu ukaacha programu ijaze jina, siku ikifika zamu ya Ifakara utapata "Wilaya ya Ifakara", na Ifakara ni halmashauri ya mji. Ukijaribu kukwepa kwa kuandika nukta mbili, "Halmashauri: Morogoro", umeandika kitu ambacho hakuna mtu anakisema, na mbaya zaidi hakijitoshelezi. Morogoro ipi? Kuna mkoa, kuna manispaa, kuna halmashauri ya wilaya. Ndivyo ilivyo Iringa. Ndivyo ilivyo Moshi, yenye manispaa na wilaya. Mtu wa Moshi akipokea karatasi iliyoandikwa Moshi tu, atakuuliza swali lile lile nililoulizwa mimi: zetu ziko wapi?

Kwa hiyo kiunganishi kikae pamoja na jina. #BYVAL haichapi thamani ghafi iliyomo kwenye faili, inachapa thamani iliyokwisha kuvishwa fomati, yaani orodha inayoipa kila namba jina lake. Ndani ya faili kuna 1, 2, 3, 4. Kwenye fomati nimeandika "Manispaa ya Morogoro", "Mji wa Ifakara". Kichwa kina "Halmashauri ya", na vikikutana vinasomeka Halmashauri ya Manispaa ya Morogoro, Halmashauri ya Mji wa Ifakara, kama barua yoyote ya serikali inavyoandikwa. Ngeli imepatana kila ukurasa, na hakuna aliyeshika kalamu.

Kuna faida nyingine ya kuweka namba ndani ya faili. PROC SORT hupanga kwa thamani ya ndani, siyo kwa fomati. Mikoa ya Tanzania ina namba zake rasmi katika takwimu za taifa, Dodoma ikiwa ya kwanza na Arusha ya pili, na mikoa ya Zanzibar ikianzia 51. Ukipanga kwa namba hizo, kurasa zako zinatoka kwa mpangilio ule ule ambao msomaji ameuzoea kwenye vitabu vya sensa, na anaupata mkoa wake bila kupekua.

Lakini fomati ina mtego mmoja mkali, na nawaomba muuandike. PROC inapogawa makundi kwa kigeu chenye fomati, inaangalia thamani iliyovishwa fomati. Tuseme mtu mvivu ameandika 1 = 'Morogoro' na 2 = 'Morogoro', manispaa na wilaya kwa jina moja. Mistari yao inafuatana, na kwa macho ya PROC jina halijabadilika, kwa hiyo ni kundi moja. Utapata ukurasa mmoja wenye kichwa "Halmashauri ya Morogoro", ndani yake vituo vya mjini na vya vijijini vimechanganywa. Ungekuwa unatumia PROC MEANS ungepata wastani mmoja wa sehemu mbili zisizofanana. Hakuna onyo. Fomati ya majina ikaguliwe kama mnavyokagua data yenyewe: kila namba na jina lake, na jina moja lisijirudie.

Sasa, kurasa ambazo hazitoki.

#BYVAL inasoma data iliyopo. Halmashauri isiyoleta taarifa haina mstari kwenye faili, na isiyo na mstari haina kundi, haina ukurasa, haina kichwa. Inapotea bila sauti. Mkuu wako akifunua ripoti ataona kurasa nzuri zenye vichwa sahihi, wala hataona pengo, kwa kuwa pengo halina namba ya ukurasa. Mimi naliona hili ni jambo zito kuliko kichwa kilichokosewa. Kichwa kikikosewa kuna mtu atapiga simu. Halmashauri isiyokuwepo haipigi simu.

Dawa yake ni kuwa na orodha kamili ya halmashauri kama faili la peke yake, na kuiunganisha na data kabla ya kuchapa. Kwa MERGE, kila halmashauri iliyo kwenye orodha inapata angalau mstari mmoja, hata kama data yake haijafika. Kwenye mstari huo ongezeni safu ya hali ya taarifa, iandikwe "Haijapokelewa". Msiweke sifuri. Sifuri maana yake tumehesabu tukakuta hakuna mtoto hata mmoja. Mtu wa wizarani akiona sifuri atachukua uamuzi mmoja, akiona "Haijapokelewa" atachukua mwingine.

Upande wa pili wa jambo hilo ni mistari ambayo namba ya halmashauri imekosekana. SAS huzipanga thamani zilizokosekana mwanzo kabisa, kwa hiyo ukurasa wako wa kwanza utasomeka "Halmashauri ya" na nukta. Wengine wakiuona wanautoa ukurasa huo na kuutupa. Humo kuna watoto waliochanjwa mahali fulani, na mtu fulani alisahau kujaza sanduku moja. Ipeni nukta hiyo jina kwenye fomati, kwa mfano "mahali pasipotajwa kwenye fomu", ukurasa utoke na urudishwe kwa waliokusanya.

Kuna wakati #BYVAL haitoshi. Ukitaka kila halmashauri ipate faili lake la PDF lenye jina lake, au hesabu inayotofautiana kidogo kwa kila kundi, utarudi kwenye makro, safari hii kwa kitanzi: unakusanya orodha ya namba kwa PROC SQL, kisha %DO inapita kwenye kila moja, inachuja kwa WHERE, inaandika kichwa, inachapa, inaendelea. Hapo kichwa cha makro kinafanya kazi kwa sababu amri ya TITLE inasomwa upya kila mzunguko. Tumieni alama za kunukuu zenye vistari viwili. Ndani ya kistari kimoja jina la makro halifunguki, litachapwa na alama yake ya & kama lilivyo. Kitanzi kina gharama: faili linasomwa tena kila mzunguko. Kwa halmashauri za mkoa mmoja hutahisi. Kwa faili la mamilioni ya mistari ya nchi nzima utahisi, na kama unachohitaji ni kurasa tu, BY inapita mara moja ikamaliza.

Na wale wanaotuma Excel: SAS inaweza kuweka kila kundi kwenye shiti yake, na #BYVAL hiyo hiyo ikatumika kuipa shiti jina, kwa sheet_interval na sheet_name. Kumbukeni tu kwamba Excel haipokei jina la shiti lenye zaidi ya alama 31. "Halmashauri ya Manispaa ya Kigoma Ujiji" ni alama 39. Tengenezeni fomati ya pili ya majina mafupi kwa ajili ya shiti, na kichwa cha ndani kibaki kirefu.

Kwenye Stata hakuna #BYVAL. Wengi wanachukua levelsof kupata orodha ya namba, kisha foreach inayopita kwenye kila moja, na ndani yake wanaiomba Stata lebo ya namba ile ili iingie kwenye kichwa cha grafu. Ni njia nzuri, maana namba moja hiyo hiyo inachuja mistari na inaleta jina. Kwenye R, ripoti ya R Markdown inaweza kupokea halmashauri kama parameta, ukaiendesha mara nyingi kadiri unavyotaka, na kichwa, maandishi na majedwali yote yakaitii parameta hiyo moja. Popote mtakapokuwa, jiulizeni swali moja mnapoandika kichwa: jina hili na mistari iliyo chini yake vimetoka mahali pamoja? Kama jina limetoka kwenye orodha moja na mistari imetoka kwenye nyingine, ipo siku vitaachana.

Kijana mmoja aliniuliza wakati wa chai, kwa nini nisichape vichwa kwa mkono tu, halmashauri za mkoa mmoja si nyingi. Nilimjibu kwa hesabu. Tanzania ina mikoa 31. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika mikoa hiyo. Chukua majedwali 20 tu kwa kila mkoa, umefika vichwa 620. Wakenya wana kaunti 47, kwao ni 940. Hakuna jicho linalosoma vichwa 940 usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi ripoti bila kuruka hata kimoja. Na kosa la kunakili na kubandika huwa linakaa mahali ambapo jina la juu ni la mkoa uliotangulia, pale ambapo jicho limechoka na linaona linachotarajia.

Mwisho, mtaona kwenye programu yangu nimeandika "title;" na "options byline;" baada ya PROC. Katika SAS kichwa kinaendelea kukaa hadi kiondolewe, hata ukienda kwenye kazi nyingine kabisa katika kikao hicho hicho. NOBYLINE nayo inaendelea. Anayekuja baada yako na BY yake isiyo na #BYVAL atapata kurasa zisizotaja kundi lolote, na hatajua kwa nini. Mistari hiyo miwili ya mwisho ni ya kwake.

Mimi bado nina desturi niliyoianza wiki ile ya Ulanga. Kabla ya kufunga bahasha, au siku hizi kabla ya kubonyeza kutuma, nafungua kurasa tatu: ya kwanza, moja ya katikati na ya mwisho. Kwenye kila moja nasoma kichwa kwa sauti, kisha nachukua kituo kimoja kilichomo na kukitafuta kwenye orodha ya vituo nione kipo halmashauri gani. Inachukua dakika tano.

Haya, fungueni kompyuta. Asiye na SAS ajiandikishe kwenye SAS OnDemand for Academics, ni bure kwa wanaojifunza na inafanya kazi kwenye kivinjari. Kwenye faili la mazoezi nimeficha halmashauri moja isiyo na data, mistari sita isiyo na namba, na majina mawili yanayofanana kwenye fomati. Mkishavipata vyote vitatu, njooni mbele mnionyeshe ukurasa wa Ifakara.